Ayubu Hakuishia Sura ya Kwanza

Uwanja mkubwa wa mpira wa Arusha una jina la mshairi. Wengi wanaoingia pale kutazama ligi wanajua kuwa Sheikh Amri Abeid alikuwa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere, na wachache wanajua kuwa alikuwa meya Mwafrika wa kwanza wa Dar es Salaam. Kitabu chake cha mwaka 1954 cha sheria za kutunga mashairi, kilichofundisha watu kuhesabu mizani na kupanga vina, kimebaki kwa walimu wa Kiswahili na vichaa wachache kama mimi. Alifariki mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 40.

Tarehe 8 Mei 2017 uwanja huo ulijaa majeneza. Siku mbili kabla yake, basi dogo lililobeba wanafunzi wa Shule ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu. Walikufa watoto 32, walimu wawili na dereva. Samia Suluhu Hassan, Makamu wa Rais wakati ule, alikuja kuongoza maombolezo. Wiki ile mji ulitunga. Simu zilijaa beti, nyingine za watu ambao sidhani kama waliwahi kuandika shairi tangu darasa la saba. Nilizisoma nyingi, na kilichonishangaza si udhaifu wa vina, ni kasi. Watoto hawajazikwa, na mshairi ubeti wa pili ameshaafiki: kazi ya Mola haina makosa, wao wametangulia, sisi tunafuata.

Siwalaumu waliotunga wiki ile. Mtu aliyepigwa hushika neno lililo karibu. Lakini kasi ile haikuanza na ajali ya Rhotia wala haikuishia hapo. Hudhuria msiba wowote Machame, Marangu au Kibosho, au hapa mjini kwetu Sakina, utaikuta. Mwili umetoka mochwari asubuhi, ibada ina saa yake, wasifu wa marehemu unasomwa, salamu za rambirambi zinaanza: ukoo, jumuiya, ofisi, mwakilishi wa mbunge. Katikati ya foleni hiyo anaitwa mjukuu mwenye karatasi mkononi, na mshereheshaji anamnong'oneza kwa kipaza sauti kilicho wazi, "Beti mbili tu mwanangu, muda umetutupa mkono." Mjukuu anaruka katikati yote, anasoma ubeti wa kwanza na wa mwisho. Yaani anasoma kifo, kisha anasoma kukubali. Kilichokuwa kati yake kimebaki kwenye karatasi.

Mashairi yenyewe sasa yanatungwa kwa kipimo hicho. Ili nisimguse mtu, natunga mfano mwenyewe:

Ewe kifo huna hodi, nyumba ya nani hupiti,
Tumebaki na baridi, umetutwalia binti,
Tunashukuru Wadudi, kazi yake hatuteti,
Lala dada huna budi, nasi twaja hatusiti.

Mizani iko sawa, vina viko sawa, Sheikh Amri angeupitisha. Lakini tazama. Mstari wa kwanza unamgombeza kifo, wa pili unalalamika, na wa tatu kesi imefutwa. Wa nne ni uongo mtupu. "Nasi twaja hatusiti"? Asiyesita hapangi foleni Hospitali ya Mount Meru kupima presha. Na huyo binti ni nani? Hana jina wala sauti, hata tabia ya kuudhi hana. Ubeti huu unaweza kusomwa kwenye msiba wa mtu yeyote, ndiyo sababu haumlilii yeyote.

Hoja yangu ni kwamba tumewasoma vibaya washairi wetu wakubwa. Tumewachukua kuwa walimu wa kukubali, tukawaiga katika hitimisho lao na kuiacha safari. Ukiwasoma kwa utulivu utakuta watu wanaoshindana na kifo mstari kwa mstari, wengine wakiwa na tasbihi mkononi.

Anza na shairi ambalo karibu kila aliyesoma sekondari Tanzania amelikariri, "Amina" la Shaaban Robert, alilomwandikia mkewe aliyefariki. "Amina umejitenga, kufa umetangulia." Tunalisoma kama kielelezo cha mume mcha Mungu aliyeridhika. Kweli, ndani yake kuna pepo, kuna dua, kuna hata furaha kwamba marehemu amefika mahali ambapo taabu haimsumbui. Lakini kuna pia "Nilitaka unyanyuke", ambayo ni kumbukumbu ya dua iliyokataliwa. Na kuna mstari ambao kama ungesemwa na kijana wa leo mbele ya jeneza wazee wangetazamana: "Mauti siyasadiki, kuwa mwisho wa dunia." Najua, mwenye imani atasema huo ni uthibitisho wa ufufuo, na ni kweli. Ila umetangulizwa na majonzi yasiyoneneka na mawazo ya kile na hiki, kiasi kwamba mjane huyu anaona yote kama ndoto. Ni imani inayotoka katika kinywa cha mtu ambaye bado hajaamini kilichomtokea.

Kisha kuna kibwagizo. "Mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua." Kila ubeti una mistari mitatu inayosogea kuelekea kuridhika, na wa nne unarudi pale pale na kukataa. Sheria ya ndoa, ya dini na ya serikali, inajua kinachofungua ndoa: kifo. Shaaban anajua hivyo pia, na baadaye alioa tena. Katika shairi hakubali. Tena neno lake ni pana ajabu: hapana wa kufungua. Hakuweka "ila". Katika orodha ya wasioweza kufungua hakumtoa yeyote, hata Yule anayemwomba katika mistari mitatu iliyotangulia. Sisemi Shaaban Robert alikuwa anakufuru. Nasema alikuwa fundi, na fundi aliijua kazi ya kibwagizo: kumruhusu mtu aseme jambo la imani, kisha arudi kwenye kidonda, aseme lingine, arudi tena. Ndivyo tunavyoomboleza majumbani. Unapika, unacheka na wageni, halafu unafungua kabati na koti lake linaning'inia pale.

Ndiyo maana "beti mbili tu mwanangu" ni hukumu kubwa kuliko anavyodhani mshereheshaji. Kibwagizo kikisomwa mara moja ni tangazo. Kinahitaji kurudi.

Al-Inkishafi, kazi ya kale ya ushairi wa Kiswahili, inanisumbua zaidi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya, aliitunga miaka mia mbili hivi iliyopita, mji wake ukiwa umeporomoka kutoka utajiri hadi magofu, na tangu hapo imesomwa kama hotuba kuu ya Kiswahili juu ya ubatili wa dunia. Mshairi anausema moyo wake mwenyewe. Anauonya, anaukaripia, anauuliza kwa nini haujifunzi, anautishia kwa kaburi na Jahanamu. Swali langu ni dogo: kama moyo ungekuwa umekubali, hotuba yote hiyo ya nini? Mtu hausemi kwa beti zaidi ya sabini moyo ambao umeshatulia. Moyo ule ni mbishi hadi mwisho, na mshairi hajatuambia popote kuwa ulisilimu.

Isitoshe, angalia anavyoyaeleza majumba ya Pate. Anazikumbuka taa za kioo na za shaba zilizofanya usiku uwe kama mchana. Anavikumbuka vidaka vya ukutani vilivyopangwa sahani. Kisha anaonyesha makinda ya popo yananing'inia, ndege wamelala palipokuwa na sahani, bundi anakoroma katikati ya nyumba. Mhubiri aliyemo ndani yake anasema vitu hivi vilikuwa takataka. Mshairi aliyemo ndani yake anavihesabu kimoja kimoja, na mkono unamtetemeka. Wanazuoni wanapenda kumsikiliza mhubiri. Mimi namsikiliza anayehesabu sahani, kwa sababu huyo ndiye aliyepoteza kitu. Bila yeye waadhi ule usingedumu, maana waadhi tumeusikia mara elfu.

Hapa najua baadhi ya wasomaji wangu wa Moshi, ambako Biblia husomwa kwa bidii, wameshafungua Ayubu 1:21. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe." Mstari huo upo kwenye ratiba za mazishi na kwenye misalaba. Ni mstari mzuri. Umo katika sura ya kwanza ya kitabu chenye sura 42. Sura ya pili, marafiki watatu wanakuja na kukaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na kwa maoni yangu hayo ndiyo mazuri pekee waliyofanya. Sura ya tatu, Ayubu anafumbua kinywa na kuilaani siku aliyozaliwa. Kuanzia hapo kitabu kinageuka shairi, na shairi lile ni kesi: mtu anamtaka Mungu aje ajieleze. Marafiki ndio wanaosema maneno ya msibani kwetu, kwamba Mungu hakosei, kwamba tulia, kwamba ipo sababu. Mwishoni Mungu anawakasirikia marafiki, si Ayubu, na anasema kwamba hawakunena yaliyo sawa kumhusu kama alivyonena mtumishi wake. Sisi tunasoma sura ya kwanza, tunafunga kitabu, tunakwenda kula.

Daudi naye. Alipopata habari ya Absalomu, mwana aliyemwasi na kutaka kumuua, hakutafuta fundisho lolote. Alipanda chumba cha juu ya lango akilia, "Mwanangu, Absalomu, mwanangu, mwanangu Absalomu!" Maombolezo yake karibu yote ni jina tu, na nia ya kufa badala yake. Na kwa Waislamu, Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahimu na kusema kuwa jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, ingawa ulimi hautamki ila linalomridhisha Mola. Katika maneno hayo machozi na huzuni vimetajwa mwanzo.

Mwingine ninayemleta ni mwanamke, al-Khansa, mshairi wa Uarabuni wa karne ya saba. Kaka yake Sakhr aliuawa kabla hajasilimu, na alimlilia kwa mashairi miaka na miaka, hata baada ya kuingia Uislamu, hata alipoambiwa inatosha. Masimulizi yanasema baadaye wanawe wanne walikufa vitani Kadisia, naye akamshukuru Mungu aliyemtukuza kwa vifo vyao. Angalia kilichobaki. Kwa wana wanne aliowakubali tunakumbuka sentensi moja ya shukrani. Kwa kaka aliyekataa kumkubali tuna diwani ambayo Waarabu wanaisoma hadi leo. Sijui la kufanya na jambo hili kama muumini. Kama mhakiki naliona wazi: kukubali hakuna maneno mengi.

Siku hizi kwenye semina za ushauri nasaha, Arusha tuna semina za kila kitu, utaambiwa huzuni ina hatua tano: kukana, hasira, kujadiliana, huzuni nzito, kisha kukubali. Zimetoka kwa daktari Elisabeth Kübler-Ross, katika kitabu chake cha mwaka 1969, naye alizipata kwa kuwasikiliza wagonjwa mahututi waliokuwa wakikikabili kifo chao wenyewe. Zimehamishiwa kwa wafiwa na kugeuzwa ngazi, ukifika juu umemaliza. Washairi hawapandi hivyo. Kobayashi Issa wa Japani alimpoteza binti yake mdogo kwa ndui mwaka 1819. Dini yake ya Kibudha ilimfundisha kuwa dunia hii ni umande, inakauka jua likitoka. Akaandika shairi fupi kuliko ubeti wetu mmoja: ulimwengu wa umande ni ulimwengu wa umande, alikiri, kisha akaongeza, na bado, na bado. Amekubali na amekataa kwa pumzi moja. Kwa ngazi ile ya semina yuko hatua gani? Na Gilgamesh, katika utenzi wa kale wa Mesopotamia, alikataa kumzika rafiki yake Enkidu siku sita na usiku saba, mpaka buu lilipodondoka puani mwa maiti. Sisi pia huchelewesha mazishi siku sita, saba. Mochwari ina jokofu na kamati ina michango ya kukusanya. Tunasubiri fedha na ndege ya shemeji kutoka Marekani, na siku ikifika tunataka huzuni yote iishe kabla ya saa kumi na moja jioni.

Nirudi kwenye ufundi, maana Sheikh Amri alikuwa na jambo la kutuambia. Dylan Thomas wa Wales aliandika shairi maarufu la kumsihi baba yake, mwalimu wa zamani aliyekuwa akidhoofika, asiingie usiku ule kwa upole bali aghadhibike. Watu hulitaja kama kilele cha uasi dhidi ya kifo. Kwa umbo ni shairi la kanuni kali kupindukia: mistari 19, vina viwili tu, mistari miwili inayorudi kwa zamu kama vibwagizo. Ghadhabu kubwa imefungiwa katika sheria. Naye Euphrase Kezilahabi wetu, aliyefariki mwaka 2020, alivunja vina na mizani katika diwani yake Kichomi ya mwaka 1974, na wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, wakamshambulia kwa miaka. Katika "Kisu Mkononi" msemaji ni gurudumu linaloviringika mteremkoni, asijue lini wala wapi mwisho. Hapo hakuna kibwagizo, na hakuwezi kuwepo: anayebingirika harudi. Kwa mtu anayekitazama kifo chake peke yake, umbo lile huru ni sahihi na linatisha. Kwa anayemlilia mwingine, nipeni arudhi, yaani kanuni za vina na mizani. Nimewatetea wanausasa, watunzi wa mashairi huru kama Kezilahabi, mara nyingi katika safu hii, lakini mfiwa anahitaji mkongojo, na urari wa nane kwa nane humsimamisha mtu hadi amalize sentensi ambayo kwa nathari angeikatia katikati akilia.

Jambo jingine ambalo washairi wazuri hulifanya, na sisi tunaliacha, ni jina. Hapa Arusha tunaishi na Wamaasai, ambao desturi yao ya zamani ilikataza kulitaja tena jina la marehemu. Ni njia mojawapo ya kushughulika na kifo, na ina heshima yake. Shairi la maombolezo linafanya kinyume kabisa. Shaaban Robert ameanza na "Amina" kabla ya kitenzi chochote, Daudi amerudia Absalomu, al-Khansa amemtaja Sakhr hadi jina likawa la Waarabu wote. Utenzi wetu wa msibani unasema "mama yetu mpendwa", "kaka shujaa", "nguzo ya ukoo". Ukilitaja jina utalazimika kusema na mtu mwenyewe, na mtu mwenyewe alikuwa anadai fedha zake, alikuwa anaimba vibaya kwaya ya kanisa, alikuwa na kicheko cha kuvunja kikao. Huyo ni mgumu kumwachia.

Mwana Kupona, mshairi mwanamke wa pwani, ndiye aliyelielewa hili kutoka upande wa pili, upande wa anayeondoka. Alitunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na katika beti za mwanzo kabisa anamweleza binti yake kuwa maradhi yamemshika hata yametimu mwaka na hajapata nafasi ya kumwambia neno jema. Kisha anamwagiza: mche Mungu, chunga ulimi, mtunze mume, jipambe hivi, ongea na watu vile. Wahakiki wa leo humkabili kwa jinsia, wakimtetea au wakimshutumu juu ya utii kwa mume, na mjadala huo una haki yake. Mimi naona mama anayekimbizana na muda. Anajua hatakuwepo kumsuka binti nywele, kwa hiyo anamwandikia. Maelekezo yale madogo madogo ya uvaaji na manukato hayakutoka kwa mtu aliyeiaga dunia. Yametoka kwa mtu aliyeishikilia kwa mikono miwili kupitia mwili wa mwanawe. Shaaban Robert naye, baada ya kufiwa na Amina, aliwaandikia watoto wao tenzi mbili, Hati kwa Mwanjaa na Adili kwa Suleiman. Aliyebaki na aliyekuwa anaondoka wamefanya jambo lile lile.

Pendekezo langu ni la kawaida na linahusu ratiba. Siku ya mazishi achieni nyimbo na maombi, kwa sababu watu mia nane waliosimama juani wanahitaji maneno wanayoyajua wote. Shairi lisogezwe. Waislamu wana arobaini na hitima, Wakristo wa Kilimanjaro wana siku ya kujengea kaburi na kumbukumbu ya mwaka, kihambani pale pale kati ya migomba na kahawa, wakiwa wamebaki ndugu, majirani na rafiki mmoja wawili wa kweli. Mjukuu apewe muda huo wote atunge upya, aweke jina, aweke na ugomvi kama upo. Siku hiyo hakuna mshereheshaji wala salamu za mbunge, na waliokuja wanaweza kukaa kusikiliza beti sita zote na kibwagizo chake.